Mchezo wa Kauboi na Wajibu wa Kukumbuka



Katika darasa letu la hapa Bumula yamezuka masuala mawili ambayo mwanzo yalionekana mepesi, na kila yalipozungumzwa yalizidi uzito. La kwanza: Je, mzazi amkataze mwanawe mchezo wa kauboi, mchezo wa kuvaa kofia pana, kushika bunduki ya bua, na kumwandama mwenziwe kama anavyoandamwa adui? La pili, na ndilo gumu: Sisi tuliokwisha kuwa watu wazima, tukikaa tukaukumbuka mchezo huo kwa shauku na kusema kuwa hapajapata kuwa na siku tamu kama zile, je, utamu huo hauna hesabu? Wako waliosema, "Kataza." Wako waliosema, "Acha, ni utoto tu." Tumeonelea tuyaandike haya ili kila mmoja ayapime kwa akili yake.

Kwanza yafaa tuueleze mchezo wenyewe kwa ajili ya vijana wasioujua. Tuliokuwa watoto katika miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990 twaujua vema. Gari la sinema lilikuwa likija sokoni au katika kiwanja cha shule, likatandaza kitambaa cheupe, na watu wakaketi chini gizani. Baadaye vikaja vibanda vya video mjini Bungoma. Aliyeona filamu aliwasimulia wasioiona, na aghlabu wasioiona ndio waliokuwa mafundi wa kuiigiza. Kofia ilikatwa katika boksi la sabuni. Farasi alikuwa uti wa jani la mgomba, bunduki ilikuwa bua la mahindi, na ukanda wa risasi ulikuwa ganda la mgomba lililokauka. Nyota ya kifuani ilikatwa katika bati la kopo, na mwenye bahati alivaa gambuti za baba yake zikimfika magotini. Hakuna mtu mzima aliyetufundisha haya, wala hakuna aliyetununulia. Ulikuwa ulimwengu mzima uliojengwa kwa takataka za shamba, na hapana shaka kuwa katika kazi hiyo mlikuwamo akili nyingi na furaha isiyokuwa na ila.

Katika mchezo huo palikuwa na makundi mawili. Kundi la kwanza lilikuwa na mkubwa wake aliyeitwa "steringi", na kanuni yake ilijulikana na kila mtoto: steringi hafi. Apigwe risasi mia, huinuka akapangusa vumbi. Kundi la pili ni la adui, na mara nyingi hao waliitwa "Wahindi Wekundu". Hao kazi yao ni kuja kwa wingi, kupiga kelele, na kuanguka. Hawakuwa na majina. Wakisha kuanguka hesabu yao imekwisha, mpaka mchezo uanze tena.

Sasa tuliendee suala la kwanza. Hukumu ya asili katika mchezo wa mtoto ni ruhusa. Yapo mapokezi mashuhuri kuwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alikuwa na vitu vyake vya kuchezea, na miongoni mwavyo farasi wa vitambaa mwenye mbawa mbili. Mtume (S.A.W.) alipomwuliza khabari za farasi kuwa na mbawa, Bibi Aisha alimjibu kwa kumtaja Nabii Suleimani na farasi wake, na Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Tena yamepokewa mapokezi sahihi ya Wahabeshi waliocheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Mtume akamsitiri Bibi Aisha ili atazame mpaka atosheke. Na Imamu Ghazali ameeleza katika Ihya kuwa mtoto akitoka chuoni apewe nafasi ya kucheza mchezo mwema, kwani kumzuia na kumkalifisha masomo daima huufisha moyo wake na kuizima akili yake. Ikiwa farasi mwenye mbawa alichekewa kwa mapenzi katika nyumba ya Mtume, sembuse farasi wa mgomba katika uwanja wa Bumula?

Hata hivyo ruhusa ina mipaka yake. Sharia imekaza mno katika kumwelekezea mtu silaha, hata kwa mzaha, hata akiwa ndugu wa baba na mama. Imekataza pia kumtisha Mwislamu hata kwa utani. Bua si chuma, lakini mkono hujifunza kwa bua kabla ya kushika chuma. Kwa hivyo mzazi amzuie mwanawe na kisu, panga na manati iliyoelekezwa usoni, na amfundishe kuwa mwenziwe akisema "basi", ni basi. Hayo yakitimia, mchezo ni halali yake.

Baadhi ya ndugu hawakutosheka. Wamesema, "Khatari haiko katika bunduki, iko katika kofia. Mtoto wa Kibukusu kujivika mavazi ya Mzungu wa Marekani ndiko kujifananisha na watu wengine." Na wametaja maneno ya Ibn Khaldun (1332–1406), ambaye ameeleza kuwa aliyeshindwa humwiga aliyemshinda katika mavazi, vipando na desturi, kwa kuwa nafsi hudhani kuwa ushindi umetokana na mambo hayo. Hoja hii ina nguvu, wala hatuipuuzi. Lakini mwenye kutaka kuikimbia kofia yafaa kwanza aijue nasaba yake.

Kauboi maana yake si zaidi ya mchunga ng'ombe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, ng'ombe wa Texas walichungwa kwa safari ndefu hadi vituo vya reli vya Kansas, na waliowapeleka walikuwa vibarua wa mshahara mdogo, walalao mchangani na kula vumbi. Kazi hiyo ilidumu kiasi cha miaka ishirini tu. Seng'enge, ambayo hataza yake mashuhuri ilitolewa mwaka 1874, ilizigawa mbuga, reli zikaenea, na safari zile zikakoma. Ufundi wenyewe wa farasi na kamba wachungaji hao waliupata kwa Wameksiko, na Wameksiko waliupata kwa Wahispania. Nao Wahispania walikuwa na namna ya kupanda farasi waliyojifunza kwa Wazanata, watu wa Kiberberi waliovuka bahari zama za Andalusi. Neno la Kihispania jinete, yaani mpanda farasi, limetokana na jina la Wazanata hao. Wanahistoria wengi wamekadiria kuwa karibu robo ya wachunga ng'ombe wa zama zile walikuwa watu weusi. Nat Love alizaliwa mtumwa huko Tennessee mwaka 1854, na Bill Pickett (1870–1932) alisifika kwa kumwangusha fahali kwa mikono mitupu. Filamu zimewaficha hawa.

Tena filamu zenyewe zilikuwa mchezo wa kuvaa nguo za wengine. Mwitalia Sergio Leone alipotengeneza *A Fistful of Dollars* mwaka 1964, sehemu kubwa ya Texas na Meksiko iliyoonekana kitambaani ilikuwa ardhi ya Uhispania, na sehemu mashuhuri ya kupigia picha hizo ilikuwa jimbo la Almería, ambalo mji wake uliasisiwa na Khalifa Abdurrahman wa Tatu mwaka 955. Waitalia walijivika kofia za Wamarekani katika nchi ya Andalusi, na mtoto wa Bumula akawaiga kwa boksi la sabuni. Katika msururu huu wa kuigana, ni nani mwenye kofia? Twaona kuwa kofia haina dhambi. Ni kivuli cha jua tu.

Basi ubaya, kama upo, uko wapi? Kwa rai yetu uko katika kisa kinachochezwa, wala hauko katika vazi. Uko katika ile kanuni kuwa wako watu wasiokufa, na wako watu ambao kufa kwao si kitu.

Kanuni hiyo haikutungwa na watoto. William Cody, aliyejulikana kwa jina la Buffalo Bill (1846–1917), alianzisha maonyesho yake ya farasi na bunduki mwaka 1883, ilhali vita vya kuwanyang'anya wenyeji wa Marekani ardhi zao havijakwisha. Mwaka 1885 alimwajiri Sitting Bull, kiongozi mkubwa wa Walakota, ajionyeshe mbele ya watazamaji waliolipa viingilio. Tarehe 29 Desemba 1890, huko Wounded Knee, askari wa Marekani waliwaua Walakota zaidi ya 200, wanawake na watoto wakiwamo. Mwaka uliofuata baadhi ya Walakota waliokuwa wamefungwa baada ya mauaji yale walitolewa wakapelekwa Ulaya pamoja na maonyesho ya Cody, wakacheze kushindwa mbele ya watu. Damu haijakauka, na tayari imekwisha kuwa mchezo! Hapa ndipo kanuni ya steringi ilipoanzia: aliyeshindwa alifanywa aigize kushindwa kwake, na mwenye maonyesho akakusanya fedha.

Sasa turudi kwetu, kwani mpaka wa namna ile haukuwa mbali na uwanja tuliochezea. Mwaka 1895 Mwingereza Hobley aliongoza jeshi juu ya Wabukusu. Sababu iliyotajwa ilikuwa bunduki zilizokuwa mikononi mwao na askari waliouawa. Wabukusu walikuwa wakikaa katika maboma ya kuta za udongo yaliyozungukwa na handaki. Boma la Lumboka lilipigwa kwanza, kisha likapigwa la Chetambe, juu ya kilima kinachoutazama mji wa Webuye. Wenye mikuki na pinde walikutana na wenye silaha za moto, na waliouawa walikuwa wengi. Mwaka 1908 familia za Makaburu zaidi ya 40 ziliondoka Nakuru na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, zikapanda hadi Uasin Gishu, sawasawa na yale magari ya turubai tuliyoyashangilia katika filamu. Upande wa Trans-Nzoia ulifuata, na mpango wa mwaka 1919 wa kuwapa mashamba askari wa Kizungu ukawazidisha walowezi. Reli ikafika Kitale mwaka 1926. Wabukusu wengi wakaingia katika mashamba yale wakiwa maskwota, wakichunga ng'ombe wa walowezi kwa ujira mdogo.

Tulitafakari hili, ewe msomaji. Mchungaji wa mshahara, achungaye ng'ombe wa mwingine katika ardhi iliyotwaliwa, ndiye kauboi kwa maana ya kweli. Basi kauboi wa kweli wa nchi hii alikuwa babu yetu huko Kitale, aendaye kwa miguu, bila kofia wala farasi. Wajukuu zake walikuwa wachungaji kama yeye, kwani kila mtoto wa Bumula alikabidhiwa ng'ombe wa nyumbani. Lakini mchungaji waliyemtamani ni yule wa kitambaani. Na wakati huohuo "Mhindi Mwekundu" wa kweli wa nchi hii alikuwa babu wa babu yetu, ndani ya boma la Chetambe. Watoto walimkimbiza na kumpiga risasi kila jioni, wala hapakuwa na aliyewaambia ni nani.

Wala tusidhani kuwa kisa chetu ni cha Mzungu mbaya na mwenyeji mwema tu, tukakigeuza kikawa filamu nyingine. Katika jeshi la Hobley walikuwamo askari wa Kisudani, watu wa kibla yetu. Walikuwamo Waganda, na walikuwamo watu wa Nabongo Mumia, majirani zetu wa karibu. Mwislamu wa Bungoma akilisoma hilo hana budi kuinamisha kichwa kidogo. Haki haina upande wa kuzaliwa nao, na anayetaka kusimulia kwa uadilifu hana ruhusa ya kumficha mtu wake.

Yuko atakayeuliza, "Mbona mwautia uzito mchezo wa watoto? Mtoto hakuandikiwa dhambi." Tutamjibu kuwa amesema kweli. Kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe, na hakuna anayemhukumu mtoto wa Bumula kwa kumshangilia steringi. Lakini mchezo ni wa mtoto, na kumbukumbu ni ya mtu mzima. Mtoto hakujua, na mtu mzima anajua, au ana njia ya kujua. Anayekumbuka akiwa na miaka arubaini huchagua la kukumbuka na la kuacha, na kila kitendo cha kuchagua kina hesabu.

Jambo moja la dhahiri ambalo kumbukumbu tamu huliacha ni hili: Nani alikuwa steringi? Kila aliyecheza anajua kuwa majina hayakugawanywa kwa kura. Mwenye kofia ndiye aliyegawa, na mwenye gambuti alikuwa naibu wake. Mtoto wa kibarua, mtoto yatima aliyelelewa kwa mjomba, mtoto aliyekuja shule bila viatu, huyo ndiye aliyekuwa Mhindi Mwekundu jana, leo na kesho. Aliyezoea kuinuka baada ya risasi mia alijifunza kitu, na aliyezoea kuanguka alijifunza kitu pia, na vitu hivyo viwili havifanani. Kwa hivyo mtu akituambia, "Zile zilikuwa siku tamu kwetu sote," tunamwuliza kwa upole: Umewauliza wote?

Na wako ambao mchezo haukuishia utotoni. Katika miaka ya 1950, mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, vijana walioitwa Bills, kwa jina la Buffalo Bill, walivaa kama makauboi wa filamu, wakajitungia lugha yao na kujigawia mitaa. Walikuwa chini ya utawala wa Wabelgiji uliowaita watoto hata wakiwa na ndevu, na katika kofia ile walitafuta uanaume walionyimwa. Hili ni la kuwahurumia. Lakini kanuni ya steringi ilikwenda nao, wakapigana mtaa kwa mtaa, na wasichana wakadhulumiwa, kwa kuwa katika kisa walichokipenda msichana hana jina, kama vile Mhindi Mwekundu hana jina. Hapo twajifunza mambo mawili. Mwenye kudhulumiwa hupenda kuwa steringi, na hilo si ajabu. Lakini asipoibadilisha kanuni, humtafuta aliye chini yake ili amwangushe.

Sasa tutaje yatupasayo, nayo ni matatu.

La kwanza ni kuwafanyia uadilifu watoto katika mchezo wenyewe. Mtume (S.A.W.) alikataa kushuhudia zawadi aliyopewa mtoto mmoja wakaachwa nduguze, akaamrisha uadilifu baina ya watoto. Uadilifu huo haukomi katika zawadi. Mzazi apitaye uwanjani akaona mtoto yuleyule anaanguka kila siku, aseme neno moja tu: "Leo kofia ni yake." Hilo halimgharimu kitu, na huenda likamfaa mtoto yule umri wake wote. Na aliyekuwa steringi jana, akianguka leo, atajua mavumbi yana ladha gani.

La pili ni kuwasimulia watoto khabari za Lumboka na Chetambe kwa utamu uleule wa filamu. Tusizifanye kuwa somo la kukariri tarehe. Tuwasimulie jioni, kwa sauti na kwa mikono, kama aliyeona filamu alivyowasimulia wasioiona. Yuko atakayesema, "Mkiwasimulia hayo mtawapandia chuki." Twaona kinyume chake. Chuki huota mahali pa kisa kilichofichwa, kikaja kusikiwa nusu na mtu mwenye kusudi lake. Mtoto aliyecheza kuwa ndani ya boma leo, na kesho akacheza kuwa yule askari wa Kisudani aliyeletwa mbali na kwao ili awapige watu asiowajua, hachukii upesi.

La tatu ni letu sisi wenye kukumbuka. Hatusemi shauku ya utoto ikatwe. Anayependa nyimbo za Jim Reeves au kofia ya ukingo mpana, nao ni wengi katika Kenya yetu, hatumwondoi katika uungwana kwa jambo hilo. Kuukumbuka utoto ni neema, na asiyeukumbuka huwa mkali kwa watoto. Tunalolitaka ni kumbukumbu iwe timamu, yaani waliomo wawe wote. Ukimtaja farasi wa mgomba, mtaje na aliyeukata uti ule akakupa wewe upande. Ukimtaja steringi, mtaje na aliyeanguka, umtaje kwa jina lake na la baba yake.

Wengi wa hao wangali hai. Wako katika mashamba ya miwa, wako sokoni, wako kwenye bodaboda, wengine wamehamia Kitale. Wenye umri kama wetu wawatafute, wakae nao, wawaulize wanaukumbukaje mchezo ule, kisha wanyamaze wasikilize. Huenda wakasikia kicheko kitupu, nayo itakuwa kheri. Huenda wakasikia neno jingine ambalo limengojea miaka thelathini mtu wa kuliuliza. Lolote watakalolisikia, kumbukumbu yao itakuwa kweli zaidi baada ya siku hiyo kuliko ilivyokuwa kabla yake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.